Kifurushi Ndani ya Gitaa la Baba

Gitaa la baba lilipasuka mgongo siku tuliyohamishiwa kijiji cha ujamaa. Lilipakiwa kwenye lori juu ya magodoro, na mtu ambaye hadi leo sijamjua akalitupia gunia la mtama. Nililia njia nzima, mimi mwalimu mzima, hadi mama akaniuliza mbona jembe lililovunjika mpini sikulililia.

Baba alilinunua zamani, alipokuwa kibarua mgodini Geita, kabla sijazaliwa. Aliporudi Ushirombo akawa katekista, na gitaa nalo likaongoka: tangu hapo likapiga nyimbo za kanisani tu. Vidole vyake vilipoanza kukakamaa akaniachia kwaya na gitaa, vyote viwili. Nilikuwa na majivuno, sikatai. Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu, na mimi sikuwa tayari kusimama mbele ya watu mikono mitupu.

Fundi wa magitaa hatukuwa naye. Tulikuwa na mzee mmoja wa Kisukuma aliyewachongea ngoma wachezaji wa vikundi vyote vya pande zile. Baba alikuwa safarini akizungukia vigango. Mama alidhani gitaa liko chumbani kwangu, katika nyumba za walimu. Nikalifunga kwenye baiskeli, nikaenda, nikitaka wazazi walione likiwa zima wafurahi.

Mzee aliligeuzageuza, akaligonga kwa kidole, akasikiliza.

"Mgongo huu haubandikiki ukiwa umefungwa," akasema. "Nitaufungua."

Akapasha kisu kwenye makaa, pale ilipokuwa ikichemka sufuria yake ya gundi ya ngozi ya ng'ombe, akaanza kukipitisha kwenye maungio. Nikageukia ukutani, maana sikuweza kutazama. Nilisikia mbao zikiachana, kisha kimya.

"Mayu," akaniita kwa Kisukuma, yaani mama, "njoo uone."

Ndani, kwenye kijiti kinachoshikilia mgongo, kilifungwa kifurushi cha kaniki, kidogo kama kidole gumba. Uzi ulizungushwa mara nyingi, ukakazwa kwa fundo, kisiweze hata kutikisika. Mzee hakukigusa.

"Hii ni samba," akasema kwa utulivu. "Dawa ya kuvuta watu. Nimeziona nyingi kwenye ngoma. Na aliyefunga hii alikuwa na mkono mzuri."

Nilikaa chini, palepale kwenye maranda. Kwetu kila mtu anajua habari za samba. Mchezaji ngoma akipata watazamaji wengi kuliko mwenzake, hakuna anayesema ni miguu yake. Watu huuliza dawa aliipata wapi. Lakini baba! Baba aliyewafanya watu wazima walete hirizi zao kigangoni zichomwe hadharani. Nikakumbuka jinsi watu walivyotoka vijiji vya mbali alipokuwa akipiga, na mimi mtoto nikihesabu vichwa na kumshukuru Roho Mtakatifu. Kisha ikaja hasira, na nyuma ya hasira aibu, na aibu ndiyo iliyonikalia. Mzee huyu alizungumza na kila kikundi cha ngoma. Neno moja tu, na jina la baba lingekwisha.

Nikamwomba asimwambie mtu.

"Mimi ni fundi," akasema, "si redio."

Nikaomba kisu. Akanipa, lakini akanionya nisikifungue kile kifurushi, kwa kuwa dawa ya mtu haifunguliwi na mwingine. Na mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto kwamba hayo yote ni ujinga, sikukifungua. Nilikata uzi, nikakitumbukiza kwenye makaa chini ya sufuria ya gundi, nikasali Baba Yetu haraka haraka. Ikatoka harufu ya nywele zinazoungua. Mzee akatikisa kichwa, kana kwamba neno lake limethibitika.

Kazi aliifanya vizuri. Alipaka gundi, akaukaza mgongo kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akaniambia nirudi baada ya siku nne. Sauti iliyotoka ilikuwa nene na safi, nami nikafurahi kwa nusu ya moyo.

Baba alipokwisha kurudi nikalipeleka nyumbani. Mama alikuwa jikoni. Nilimwamkia baba shikamoo, nikakaa karibu naye, nikamwambia kwa sauti ya chini, na kwa ukali kidogo, kwamba nimekiona kifurushi, nimekichoma, na hakuna atakayejua. Nilitazamia ainamishe kichwa kwa aibu.

"Ulikifungua?" akauliza.

"Hapana, baba."

Baba akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu: kwamba mimi si mtoto wao wa kwanza. Kabla yangu alikuwapo msichana. Aliugua, wakasafiri naye mpaka hospitali ya Kolandoto, akafia huko akiwa bado anajifunza kutembea. Hawakuwa na njia ya kuibeba maiti mwendo wote ule, wakamzika hukohuko ugenini. Mama alimkata nywele kidogo, akamvua ushanga wa kiunoni, akachana pindo la kaniki aliyovaa mwenyewe, akavifunga humo.

"Kikiwa wazi ndani ya nyumba, mama yako alikuwa akikiona kila siku, hali chakula," baba akasema. "Mahali pale alipachagua mwenyewe. Alitaka mtoto awe anaimbiwa."

Kwa yule fundi nilidhani nimeshtuka. Sikuwa nimeshtuka bado. Nikasema nitarudi nikachekeche majivu, pengine ushanga upo. Baba akanikumbusha kwamba siku nyingi zimepita, na majivu ya fundi hutupwa kila jioni. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mama akaingia akijifuta mikono kwenye kanga. Akalichukua gitaa, akalilaza mapajani kifudifudi, akapitisha kiganja mgongoni mwake, polepole, pale ulipokuwa ufa.

"Fundi alilifungua?" akauliza.

Baba akanitazama.

"Hapana, mama," nikasema. "Alibandika kwa nje tu."

"Afadhali," akasema. Akanirudishia gitaa, akaniomba nipige.