Paa la Udongo

Babati ilipopewa wilaya yake, watumishi walianza kuletwa kabla ya nyumba za kuwaweka. Walimu walilala madarasani, karani wa mahakama akalala mahakamani, na Nesi Xaveria, mkunga wa zahanati, akawekwa pamoja na wanawe watatu katika stoo ya dawa. Dawa zenyewe hazikuwapo miaka ile, kwa hiyo nafasi ilipatikana.

Mtu aliyetakiwa kuwajengea watumishi hao alikuwa Damiani Tluway, injinia wa wilaya. Alikuwa mzaliwa wa Bonga, akasomeshwa na serikali mpaka Dar es Salaam, kisha akarudishwa kwao. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa kufikiri sana na kusema kidogo, na mbele ya wakubwa hata hicho kidogo kilimpotea. Landrover ya ofisi ilikuwa imekaa juu ya mawe, haina mpira hata mmoja, basi alikwenda kazini kwa baiskeli, mguu wa suruali ameufunga kwa kamba ya katani usiliwe na mnyororo.

Nyumba alizopewa zilikuwa nne, nyuma ya boma. Wananchi wa Sigino na Mutuka walichoma matofali kwa kujitolea. Saruji iliyotoka kwa kibali ilitosha msingi tu, ikaisha. Damiani aliandika maombi, akapanda malori ya watu mpaka Arusha, akakaa kwenye mabenchi ya maofisi, akarudi na vumbi. Mwishowe aliamua kuta zijengwe kwa tope.

"Tope halina ubaya likiwa na paa juu yake," aliwaambia mafundi. "Ila mvua isilione."

Wakajenga. Kuta zikanyooka, zikapendeza. Kila alasiri, akitoka zahanati, Nesi Xaveria alipitia pale kuangalia nyumba ya tatu, aliyokuwa ameahidiwa. Alisimama chumbani, mbingu juu ya kichwa chake, akionyesha kwa kidole.

"Injinia, hapa nitaweka kitanda. Pale atalala Sylvesta na wadogo zake."

"Ngoja paa kwanza, Mama Sylvesta."

"Nangoja. Hata panya wa stoo wanangoja. Wamechoka kulala na sisi."

Mabati hayakuja. Vuli ilikuwa haba mwaka ule, nao walizifunika kuta kwa nyasi, zikapona. Lakini masika si vuli. Mwezi wa pili ulipokuwa unakwisha, Mlima Kwaraa ulianza kuvaa wingu asubuhi, na Damiani akawa hali chakula kikashuka. Alijua kwamba mvua kubwa mbili zingetosha kuliosha lile tope kutoka katikati ya matofali, na matofali bila tope ni rundo tu lililopangwa vizuri.

Ndipo akakumbuka tembe.

Wazee wa Bonga hawakujua bati. Walisimamisha nguzo zenye panda, wakalaza boriti juu ya panda, fito juu ya boriti, nyasi juu ya fito, na juu ya yote udongo wa kichuguu ulioshindiliwa mpaka unalia kama ngoma. Paa la namna hiyo ni zito, lakini uzito wote hubebwa na nguzo. Ukuta wa tembe haubebi kitu, kazi yake ni kuzuia upepo na fisi.

Alipomweleza msimamizi wa mafundi, Mikidadi, huyo alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Bwana Injinia, umesoma miaka yote ile ili uturudishe kwenye tembe?"

"Ni mpaka mabati yaje. Nguzo tutazisimamisha ndani, ukuta hautaguswa."

"Mimi sikatai, Bwana. Nacheka tu. Kucheka bado hakujawekewa kibali."

Damiani alikwenda Bonga mwenyewe kuomba watu, na watu wakaja, maana mara hii waliitwa kufanya kazi waliyoijua. Wanaume walikata nguzo, wanawake walibeba udongo wa kichuguu kwa mabeseni wakiimba. Wiki mbili hazikwisha, nyumba zote nne zikawa na vifuniko.

Mvua ya kwanza ilishuka Jumatano alasiri, ya kelele nyingi. Ilipokatika, Damiani aliingia nyumba moja moja, akapapasa kuta kuanzia juu mpaka chini. Zilikuwa kavu. Katika nyumba ya tatu alimkuta Nesi Xaveria amesimama katikati ya chumba, viatu mkononi, anatazama juu.

"Halivuji," alisema, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

"Halivuji, Mama Sylvesta. Jumamosi hamieni."

Siku iliyofuata alikuja Mzee Cornel, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu mnene mwenye suti ya kaunda iliyopauka mabegani. Alizizunguka zile nyumba, kisha akasimama mbele ya Damiani.

"Shikamoo, mzee," Damiani alisema.

"Marahaba. Ndugu Injinia, hiki ni nini?"

"Ni paa la muda, Ndugu Mwenyekiti. Kuta ni za tope, na masika..."

"Nakuuliza jina lake."

Damiani aliinama, akaifunga upya kamba ya katani mguuni.

"Ni tembe," alisema Mzee Cornel. "Mimi mwenyewe nimezunguka vijiji vyote hivi na kipaza sauti, nikiwaambia wananchi wabomoe tembe wajenge nyumba bora. Wapo waliobomoa wakilia. Leo serikali yenyewe inaezeka tembe, nyuma ya boma! Wakiniuliza nitawajibu nini?"

Hayo hayakuwa maneno ya kipumbavu, na Damiani alilijua hilo. Hata baba yake alikuwa mmoja wa waliobomoa.

"Mgeni wa mkoa anakuja Jumatano," aliendelea mzee. "Nimezungumza nao kwa redio. Anakuja na lori la mabati. Akute kuta zimesafishwa, mabati yapande mbele ya macho yake. Huu uchafu uondoke."

"Mabati yakifika, mzee, tungeweza kuondoa siku hiyo hiyo. Kwa sasa paa hili tuliache..."

"Akute tembe, kisha ateremshe mabati? Atasema hawa wana nyumba tayari, atayapeleka kwingine. Hujui watu wewe. Unajua kuta."

Damiani alitazama mlima. Siku ile ulikuwa mweupe, hauna wingu hata kiganja. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema kwamba yeye ndiye mwenye dhamana ya kuta zile, na paa halitoki mpaka ashike bati kwa mkono wake. Maneno yote hayo yalimjia barabarani, akiwa juu ya baiskeli, baada ya Mzee Cornel kuondoka. Mbele ya mzee alikuwa amesema, "Sawa, mzee."

Mikidadi hakucheka tena. Alipanda juu na watu wake, wakautupa udongo kwa majembe, na vumbi jekundu likatanda mpaka boma. Watu wa Bonga waliokuwa wakienda sokoni walisimama kutazama. Hakuna aliyetukana. Mwanamke mmoja aliuliza tu, "Kwani udongo wetu umeoza?" kisha akaendelea na safari yake.

Jumamosi asubuhi Nesi Xaveria alikuja, godoro kichwani, watoto nyuma yake na vyungu. Alikuta paa liko chini na mbingu imerudi mahali pake.

"Mabati yanakuja Jumatano," Damiani alimwambia haraka. "Yatakuwa mazuri zaidi."

Nesi Xaveria aligeuza godoro lile lile na kichwa kile kile, akarudi stoo.

Jumatano kamati ilipanga mstari njiani tangu asubuhi, ngoma zipo, watoto wa shule wapo. Mgeni hakufika. Alhamisi ikaja habari kwamba mvua imekata barabara upande wa Magugu, lori limezama kwenye udongo mweusi, na mgeni amegeuza gari lake. Siku hiyo hiyo wingu lilishuka Kwaraa likafunika Babati nzima.

Damiani alipiga baiskeli mpaka Bonga chini ya manyunyu. Alikwenda mlango kwa mlango akiomba watu warudi waliinue tena lile paa.

"Injinia, mwanangu," baba mmoja alimwambia kutoka kizingitini, "kazi yetu tuliiona ikitupwa chini. Kuinua mara ya pili mtu ataanzaje kumwambia mkewe?"

Walikuja vijana wachache, kwa kumhurumia. Lakini udongo uliotupwa ulikwisha kuwa uji, na fito nyingi zilikwisha kwenda jikoni kwa watu. Walitupia nyasi juu ya kuta, wakazikandamiza kwa mawe. Mvua haikuzijali. Ilinyesha siku baada ya siku, si kwa hasira, ila kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi yake. Tope lilianza kutoka kwenye maungio, jekundu, likishuka ukutani kama machozi ya mtu asiyejipangusa. Nyumba ya kwanza ililala Jumapili watu wakiwa kanisani, ya pili na ya nne kesho yake. Ya tatu ilishika siku kadhaa zaidi, kisha ukuta wake wa mbele ukapiga magoti, na kuta nyingine zikaufuata.

Damiani alikwenda zahanati kumpa habari, ingawa alijua kwamba habari imemtangulia. Alimkuta Nesi Xaveria mlangoni anakunja vitambaa vilivyokataa kukauka. Ndani ya stoo mtoto alikuwa anakohoa.

"Imeanguka, Mama Sylvesta."

"Nimesikia."

Akaendelea kukunja. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Lile paa la udongo, lilikuwa na kasoro gani? Wewe ndiye fundi, niambie nielewe."

"Halikuwa na kasoro."

"Lilikuwa linavuja mahali nisipoona?"

"Halikuvuja."

"Haya," alisema Nesi Xaveria. Damiani alingoja atukanwe, na alipoona hatukanwi aliondoka mzito kuliko alivyokuja.

Yeye na mkewe Paskalina walikuwa wamepanga vyumba viwili nyuma ya duka la Salum. Alipofika alikaa kwenye kiti bila kuvua koti lililolowa.

"Mama Fabiani, nataka kumpa nesi chumba kimoja."

Paskalina aliacha kupepeta mchele. "Umeangusha nyumba za serikali nne, sasa umeifikia na hii?"

"Mtoto wake anakohoa."

"Na wa kwangu nitawatundika wapi, ukutani?" Alipepeta tena, kwa nguvu, mpaka pumba zikamrukia mumewe. Alipepeta muda mrefu. "Yule mama ndiye aliyempokea Fabiani," alisema mwishowe, kwa sauti ya kugomba. "Mwambie aje kabla haijanyesha nyingine. Na jiko ni langu, mwambie na hilo."

Kesho yake walihama, mvua ikiwa imepumzika. Nesi Xaveria alisimama nje ya mlango na watoto wake, hakuingia. Alitazama juu, kwenye mabati ya zamani yenye kutu.

"Hili paa ni la nani?" aliuliza.

"La Salum," Damiani alisema.

"Salum ana kamati?"

"Hana."

"Basi naingia."

Damiani akashika godoro upande mmoja, Sylvesta upande wa pili, wakaanza kulipitisha mlangoni.