Nilisoma kitabu cha Sehira, nikamnyang'anya jina mtoto wa dada yangu

Wakuu, poleni na kazi za kutwa.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, huu mwaka wa pili sasa, na sijawahi kuandika hata neno moja. Niliishia darasa la sita la primeri. Kuandika kwangu ni pole pole, kwa hiyo uzi huu umenichukua siku tatu kwenye simu ya kuazima. Sijaongeza chumvi. Mahali panaponiaibisha nimepaacha kama palivyo.

Niko Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa kwa ninyi wa Kigoma.

Wengi mnaifuatilia ile tamthilia ya Mlango wa Mvua, iliyotokana na vitabu. Ile ya Sehira, binti wa mvushaji wa mtoni, aliyekataa kumpigia mfalme magoti.

Basi jueni hata huku tunaifuatilia, ila kwa shida.

Flashi inakuja na boti kutoka Kigoma. Ziwa likichafuka, tunangoja. Ikifika, tunangoja umeme. Umeme ukija, tunangoja Jumapili baada ya misa, maana ndipo Papa Justin anafungua ukumbi wake wa video.

Papa Justin ndiye mtafsiri wetu. Anasimamisha picha, anageukia watu, anaeleza kwa Kiswahili. Tunasema anatafsiri, lakini ukweli ni kwamba anapika. Mfalme amempa mama mkwe ambaye hayumo kabisa kwenye tamthilia, na huyo mama mkwe ana mashabiki wake.

Mimi nakaa nyuma, karibu na nguzo. Nina haya sana mbele ya watu. Pale ukumbini wananiita Kimya.

Sasa dada yangu.

Yaya Goreti (yaya huku ni dada mkubwa) anauza mikate ya mafuta, ile ya duara, kama kalimati zenu lakini mikubwa. Shemeji Pasko ni mvuvi, mara nyingi yuko upande wa Mpala. Yaya alikuwa na mimba, na hata tumbo lilipokuwa kubwa hakukosa Jumapili moja. Siku Sehira alipomwambia mfalme, "Magoti yangu ni ya kusali tu," yaya alisimama na tumbo lake akapiga kelele: "Nikizaa binti, njo huyu!" Kwetu "njo" ni "ndiyo".

Akazaa binti.

Kabla hata ya ubatizo kartie nzima, yaani mtaa wote, ikamwita Sehira. Papa Justin alisimamisha picha makusudi ili atangaze. Wamama wakachanga sabuni na kitambaa.

Hapa nieleze jambo kwa wasiojua desturi zetu. Mtoto na mtu ambaye jina lake amepewa wanaitana "majina". Ni kama wamefungwa kamba moja: bahati ya mmoja inamgusa mwingine. Ndiyo maana katika familia ya shemeji, watu wa ziwa tangu zamani, jina la mtu aliyechukuliwa na maji halipewi mtoto. Kamwe. Na mdogo wake shemeji alizama miaka miwili iliyopita. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana.

Shikeni hapo.

Yaya hununua makaratasi ya zamani sokoni kwa ajili ya kufungia mikate. Vitabu vya hesabu, magazeti, kila kitu. Siku moja, kabla hajazaa, nilikuwa nakaa naye pale barabarani anapouzia, nikaona kwenye kikapu kitabu kinene cha Kifaransa kisicho na jalada. Ukurasa wa juu ulikuwa na neno Sehira.

Kilikuwa kitabu cha pili, mbele kabisa ya pale tamthilia ilipofika. Nikampa yaya madaftari yangu yote ya shule abadilishe, akacheka, akanipa.

Nilikisoma kwa zaidi ya miezi miwili. Kifaransa changu ni kidogo, ukurasa mmoja ulikuwa unaweza kula jioni nzima. Lakini kwa mara ya kwanza maishani nilijua kitu ambacho watu wote wa ukumbini hawakijui. Papa Justin akieleza, mimi kule kwenye nguzo nacheka peke yangu.

Ukurasa wa 398 niliufikia wiki ya ubatizo.

Mfalme anamfunga Sehira jiwe miguuni. Anamtupa mtoni chini ya ule Mlango wa Mvua wenyewe. Mstari wa mwisho unasema maji yalijifunga juu yake, na mvua ikaanza.

Chini ya hapo karatasi ni nyeupe. Nikageuza. Hakuna kitu. Kitabu kimeisha.

Wakuu, sikulala vizuri, sikula vizuri. Miguu ilikataa kutulia. Nilikuwa natoka nyumbani hadi kwa yaya, nafika mlangoni, narudi. Mara ya pili nikaingia, nikamsaidia kuchota maji, nikatoka bila kusema. Mara ya tatu akaniuliza, "Mudogo wangu, una minyoo?"

Nikisema, namharibia furaha. Nisiposema, Jumapili padri anammwagia mtoto maji kichwani kwa jina la mtu aliyezamishwa. Na baba yake analala juu ya ziwa.

Ijumaa niliingia na kusema yote kwa pumzi moja. Kosa langu ni kwamba sikuangalia nani yuko ndani. Mama Anastasia, mama mkwe wa yaya, alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani.

"Rudia," akasema.

"Mama, nilikuwa nasema na yaya tu..."

"Rudia. Huyo Sehira wanamufanya nini?"

"Wanamtupa mtoni, Mama. Na jiwe."

"Na anatoka?"

"Kitabu kinaishia hapo."

Akampa yaya mtoto, akajifunga kitenge upya. "Nilizika nguo za mwanangu bila mwili. Sitaki maji katika jina ya mujukuu wangu." Akaenda moja kwa moja kwa katekista.

Jumapili mtoto alibatizwa Anastasia. Ndiyo, jina la bibi mwenyewe. Sisemi kitu.

Yaya hakulia kanisani. Alilia jikoni, akikanda unga, bila kuniangalia. Shemeji, aliyekuwa amekuja kwa ubatizo, alinishika bega akasema, "Ulifanya vizuri," na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Ukumbini ndiyo usiseme. Habari ilifika kabla yangu.

"Kimya, leo umepata mdomo?"

"Profesa! Tuambie na sisi tutakufa lini!"

Mama mmoja muuza ndakala, wale dagaa wetu, aliniambia pole pole, bila utani: "Mimi ile Jumapili njo furaha yangu ya wiki. Umeniulia muntu wangu bado anatembea." Nilitamani nguzo inimeze.

Halafu ziwa likachafuka. Wiki moja, boti hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Kila asubuhi nilishuka hadi ufukweni kutazama maji, na sikuwa peke yangu, tulikuwa kama kumi, na kila mmoja anajifanya amekuja kununua samaki.

Wiki ya tatu flashi ikafika.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Yaya alikaa mbele na mtoto mgongoni. Hata Mama Anastasia alikuja, mara yake ya kwanza, amevaa kama anaenda kwenye matanga.

Ikafika ile sehemu. Jiwe. Kamba. Mlango. Sehira akatupwa. Maji yakajifunga, na mvua ikaanza, vile vile kama nilivyosoma. Papa Justin hakusimamisha picha. Akasema tu, "Wapenzi, ameenda."

Na umeme ukakatika.

Watu walipiga kelele kana kwamba mfalme ndiye aliyeukata. Wengine wakalia kweli. Mama Anastasia akasema gizani, "Nilisema mimi." Papa Justin, asipoteze nafasi, akaanza kueleza mazishi ambayo hakuna mtu aliyeyaona.

Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Hakuna aliyetoka. Mtoto alilia, akanyonya, akalia tena. Nilikuwa nahesabu matofali ya ukuta, nafika ishirini napotea, naanza upya.

Umeme ukarudi.

Maji. Mvua juu ya maji. Halafu mkono. Halafu kichwa.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi ule mlipuko. Viti vilianguka. Papa Justin, aliyekuwa bado kwenye mazishi, alinyamaza mdomo wazi, na mtu akamwambia, "Fufua basi, Papa!"

Yaya peke yake hakuruka. Aligeuka taratibu, akanitafuta nyuma hadi kwenye nguzo.

Nje akaniambia neno moja: "Kitabu."

Nikakimbia kukileta. Nilikuwa najitetea njiani peke yangu: watu wa tamthilia wamebadilisha, kitabu ni kitabu. Akakifungua ukurasa wa 398. Akapitisha kidole mgongoni mwa kitabu, pale kwenye gundi. Kulikuwa na nyuzi zinaning'inia na vipande vidogo vya karatasi kama meno yaliyovunjika. Mimi niliziona nyuzi hizo kila siku, nikadhani ni jalada tu lililong'oka.

Yaya akakaa chini kwenye vumbi.

"Mimi huwa naanza kurarua nyuma," akasema. "Nyuma inatoka vizuri. Kabla sijakupa nilikuwa nimefungia mikate ya wiki nzima."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi mtoto mgongoni akaamka. Ile karatasi nyeupe ilikuwa mwisho wa sura tu. Mwisho wa kitabu, kartie ilikuwa imeula na mikate.

Nilidhani mambo yameisha. Lakini Mama Anastasia alikuwa nyuma yetu, na hakucheka.

"Sinema inatengenezwa na watu," akasema. "Wanaweza kumutoa ndani ya maji ili muwalipe tena Jumapili. Wewe ulisema karatasi inasema alizama. Basi karatasi nyingine iseme alitoka. Ukiileta, mutoto arudishiwe jina."

Wakuu, niliyekuwa naogopa kuomba chumvi kwa jirani nilipita nyumba kwa nyumba kuuliza watu walifanyia nini karatasi ya mikate ya miezi mitatu iliyopita. Majibu mengine siwezi kuyaandika humu. Wengine waliwashia moto. Mmoja aliniuliza kama nataka na mkate wenyewe.

Siku ya nne nikamkumbuka fundi wa redio aliye karibu na soko. Kila asubuhi hununua mikate kwa yaya, na karatasi hatupi: anafungia skrubu na vitu vidogo vya redio, anaisokota, anaitia kwenye droo. Droo mbili zimejaa.

"Fungua," akasema, "lakini skrubu moja ikipotea, utaingia wewe ndani ya redio."

Nilifungua moja moja, na kufunga tena moja moja. Hesabu za shule. Katekisimu. Tangazo la mbegu. Kufikia saa tisa vidole vyangu vilinuka mafuta. Karatasi ya thelathini na kitu ilikuwa na skrubu nne zenye kutu, na herufi zile zile nilizozijua kama sura ya mtu. Ukurasa wa 403. Mafuta yalikuwa yamekula karibu yote. Mistari mitatu ndiyo ilisomeka.

Nilikwenda nayo kwa Mama Anastasia nikiwa nimeishika kwa mikono miwili. Yaya na shemeji walikuwepo. Nilisoma Kifaransa kwanza, nikikwama kwama, halafu nikaeleza:

"Sehira akakamua nywele zake. Akauliza ni nani aliyevaa viatu vyake."

"Nywele zilikuwa na maji?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama. Anazikamua."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Muntu aliyekufa haulizi viatu," akasema. Akachukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Kisha akamwinua mtoto hadi usawa wa uso wake. "Sehira. Lakini kanisani unabaki Anastasia, na usinizoee."

Yaya alinipa mkate mmoja wa moto. Haukufungwa kwa karatasi, alinipa mkononi.

Jumapili iliyofuata Papa Justin alinilazimisha kusimama mbele na kuwakumbusha watu sehemu iliyopita. Macho niliyaweka kwenye nguzo yangu, nikafika mwisho. Nilimwacha yule mama mkwe wa mfalme ndani ya hadithi, watu wampende.

Nilichojifunza: usimwambie mtu mwisho wa jambo kama hujashika mwisho wake mkononi. Na siku hizi nikinunua mkate, nasoma karatasi kwanza, ndipo nakula.

Bado lakini sijatulia. Kati ya 398 na 403 kuna kurasa ambazo sijaziona, na baada ya 403 sijui kuna ngapi. Usiku nawaza: je, kama mtu mmoja wa mle kitabuni alimwota tu Sehira akikamua nywele? Je, kama ni kumbukumbu ya mtu mwingine?

Karibuni mchangie, mnicheke, mniulize lolote. Najua humu wapo waliosoma kitabu cha pili chote.

Ninyi hasa ndio nawaomba: kama ile karatasi haikuwa kweli, mkae kimya. Mtoto ameanza kugeuka akiitwa.