Chakula Juu ya Meza ya Masista

Mimi ni seremala wa Ntinda. Shule niliacha darasa la tatu, na kazi yangu hakuna aliyewahi kuirudisha. Nina desturi moja: meza kubwa haitoki kwangu kabla familia yangu haijala juu yake. Watu wenye njaa hawaonei meza huruma. Mguu ukiwa mfupi, mchuzi utakuambia.

Mwaka jana masista wa huko Luzira waliagiza meza ya mvule ya watu kumi na wawili. Wakaja kuichukua siku moja kabla ya siku tuliyopatana, wakatukuta tumeizunguka, tunakula kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa njugu. Sista kijana, Mhispania, aliganda mlangoni.

"Mzee, tuliagiza meza mpya. Hii imeshatumika. Hatuichukui."

Mke wangu akaninong'oneza, "Haya, sasa uile wewe hiyo meza."

Miezi miwili ya kazi! Nikasema, "Sista, meza ambayo watu hawajala juu yake ni mbao tu. Mimi siuzi mbao."

Sista mzee, Mwitaliano aliyezeekea Kongo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, akacheka. Akamgeukia mwenzake, kwa Kiswahili, makusudi nisikie.

"Unabishana na Kilatini, binti yangu. Warumi walisema mensa, wakimaanisha meza na pia chakula kilicho juu yake. Ninyi Wahispania mkalifanya mesa, mkabaki na mbao. Sisi tukabaki na chakula: mensa kwetu ni ukumbi wanapokula wafanyakazi na wanafunzi. Ile ya mbao tunaiita tavolo, na ikishaandaliwa chakula, tavola."

"Na hili neno letu, meza, je?" nikauliza. "Waganda nao wanasema emmeeza."

"Mreno alikuja pwani na mesa, kama ya huyu. Likapanda mpaka kwenu."

Nilifurahi, ila sikushangaa. Mimi na Warumi tumefikiri sawasawa, na wao walisoma.

Sista kijana bado alikuwa amenuna. "Na hayo mafuta ya mchuzi juu ya mbao?"

"Nitayafuta mwenyewe, mbele yako. Lakini watu wamalize kwanza."

Sista mzee alikuwa ameshavuta kigoda na kunawa mikono. Kijana akamtazama, akatutazama sisi, akaketi pembeni kabisa. Alimega kidogo, halafu akamega tena, kubwa. Mke wangu akamsogezea bakuli.

Alasiri tuliibeba watu sita hadi kwenye gari. Wa sita alikuwa yule sista kijana, amekunja mikono ya joho lake, akitufokea tusiikwaruze.