Hilali Ndani ya Kikombe cha Kahawa

Riali ishirini na mbili na nusu. Hiyo ndiyo gharama ya usiku niliochekwa na Maskati nzima, na nimeihesabu mara mbili: kofia na mtandio riali sita, viingilio riali saba, chakula cha watoto riali nne na nusu, na sanduku la halwa la riali tano nililompelekea mama wa watu ambaye mwanawe nilimziba masikio kwa nguvu mpaka kofia ikamshuka puani. Hayo ni ya mfukoni. Yasiyo ya mfukoni ni Alkhamisi tatu, na hizo ndizo zinazoniuma.

Nimefedheheka, sikatai. Nasema mapema ili asije mtu akaniletea ile video akidhani ananipa khabari mpya; nimeshaletewa na watu kumi na mmoja, akiwemo fundi wa kiyoyozi. Lakini kufedheheka ni kitu chengine na kukosa ni kitu chengine, na miye kukosa sijakosa, au nimekosa kidogo, na hicho kidogo nitakieleza mwenyewe kabla hamjaelezwa na wifi yangu.

Miye sina mtoto wa kuzaa. Nna watoto wanne wa kaka yangu Nassor: Zuwena wa miaka kumi, Khalfan wa minane, Hilali wa sita, na Sefu, wa mitatu, ambaye bado anadhani mlango wa friji ni wa kutokea. Kila Alkhamisi saa kumi alasiri natoka kwangu Sib na kigari changu mpaka kwao Madinat Sultan Qaboos, nawachukua, wanalala kwangu, Ijumaa baada ya sala nawarudisha. Miaka mitatu sasa. Wifi yangu Muna hajawahi kulipenda jambo hili. Huwatoa watoto kama mtu anayeazimisha vyombo vya harusi, kwa maagizo na kwa macho. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba Alkhamisi ile nitawapeleka kwenye bustani ya michezo, kuna gwaride la magari ya mapambo na fataki, alinitazama kana kwamba nawapeleka vitani.

"Wifi, weye peke yako, watoto wanne, umati ule wote?"

"Wanne ndio wengi? Miye chenji ya baisa mia naihesabu mara mbili, nitashindwa kuhesabu vichwa?"

"Hilali anaogopa mlio. Fataki zikianza mzibe masikio, nakuomba sana. Na nakwambia mbele ya kaka'ko, akipotea hata mmoja, hata dakika tano, Alkhamisi zimekwisha."

Kaka yangu akajifanya anasoma kitu cha maana kwenye simu. (Kaka yangu akiwa kati yangu na mkewe huwa msomaji mkubwa.)

Na kweli, Hilali ni mtoto wa kujificha nyuma ya nguo za watu. Ikiwashwa mashine ya kusagia juisi, yeye yuko chini ya meza. Nikasema sawa, nitamziba masikio, nitawahesabu, nitawarudisha. Nikaenda kujipanga.

Sasa hapa ndipo penye hicho kidogo nilichokosa. Usiku wa sherehe kila mtoto wa kiume katika mji huu huvaa kanzu nyeupe na kofia, na ukiwatazama kwa nyuma wote ni mayai ya trei moja. Nikaona dawa ni alama. Nikaenda sokoni Sib, na kwa muuza kofia mmoja nikakuta kofia za rangi ya chungwa iliyokoza, zari la dhahabu pembeni, na mtandio wa kitambaa hicho hicho. Nani anavaa kofia ya rangi ya chungwa? Hakuna. Ndiyo nikazitaka. Kofia tatu na mtandio wa Zuwena, akanitajia riali kumi na mbili. Nikacheka, nikaondoka, nikarudi (kuondoka ni nusu ya kununua), nikamtajia tano, akashika kifua, tukaishia sita. Alikubali upesi, na nnavyojijua miye, mtu akikubali upesi namuuliza kwa nini. Siku hiyo sikumuuliza. Nilikuwa nimeshamkata nusu na nilitaka kutoka dukani kabla hajazindukana.

"Shangazi, nafanana na karoti," alisema Zuwena.

"Karoti haipotei," nikamwambia.

Tulifika baada ya Magharibi. Viti vya mbele, nyuma ya kamba, vilikuwa riali tatu kila kimoja, na kiti chenyewe cha plastiki ambacho hata ukimaliza huondoki nacho. Nikazunguka. Umati wote ulikuwa umejazana katikati ya njia. Miye nikaenda mpaka mwanzo kabisa, palipotundikwa pazia kubwa jeusi ambalo magari yatatokea nyuma yake. Hapana mtu, hapana kamba ya kulipia, na tutaona kabla ya waliolipa. Nikatandika mkeka, nikatoa sambusa na chipsi, nikajiona mjanja kuliko mji mzima. Nikahesabu: mtandio mmoja, kofia tatu. Nikarudia: mtandio mmoja, kofia tatu.

Nilichokuwa sikijui, na ningekijuaje, ni kwamba nyuma ya lile pazia walikuwepo watoto ishirini wa kikundi cha ngoma, wamevaa kanzu nyeupe na kofia za rangi ya chungwa zenye zari la dhahabu pembeni.

Sasa sikilizeni ilivyokwenda (haya niliyajua baadaye, kwa kuwauliza mmoja mmoja kama kadhi). Wakati miye namfuta Sefu pua, Hilali akachungulia chini ya pazia. Huko kulikuwa na gari limejengewa dele, birika la kahawa, refu kama nyumba ya ghorofa, limezungukwa na vikombe vikubwa, na kila kikombe kinaingia mtoto. Hilali akasogea hatua mbili aone vizuri. Bibi mmoja mwenye vidude vya kusikilizia masikioni, msimamizi wa watoto, akaona kofia ya rangi ya chungwa iko nje ya mstari, akamshika mkono, akamnyanyua, akamtia kikombeni. Mtoto asiyesema na watu wageni atamwambia nini? Na mwenye kikombe hicho, kijana wa rika lake, alikuwa ametoka upande wa pili wa pazia kwa sababu amesikia harufu ya sambusa zangu. Akakaa mkekani. Akala. Miye nikageuka, nikahesabu: mtandio mmoja, kofia tatu. Nikarudia. Hesabu imekaa sawa kabisa.

Taa zote zikazimwa. Ngoma ikaanza, pazia likafunguka, na palepale fataki za kwanza zikapasuka juu yetu, mlio ambao hata miye ulinishtua. Nikakumbuka agizo. Nikamvuta mtoto wa kofia aliyekuwa karibu yangu, nikamkandamiza kifuani, nikamziba masikio kwa viganja viwili, barabara.

"Usiogope baba, usiogope, shangazi yupo!"

Akawa anapiga mateke. Nikasema masikini, hofu hii. Nikazidisha kuziba. Akawa anapiga kelele, nami nikawa namwimbia sikioni, lakini sikio lenyewe nimeliziba, kwa hiyo nikawa naimba kwa sauti. Zuwena akanigusa bega.

"Shangazi."

"Ngoja kwanza, huoni mwenzio anaogopa?"

"Shangazi, huyo siye Hilali."

"Nimehesabu mara mbili!"

"Hilali yule pale. Kikombeni."

Nikatazama. Dele la kahawa lilikuwa linatupita, linatoa moshi mdomoni kama kweli, taa za dhahabu, na ndani ya kikombe cha tatu, ameshika ukingo kwa mikono miwili, mtoto wa kaka yangu. Nikatazama mikononi mwangu. Kijana hana meno mawili ya mbele na ana ukali wa mudiri, mkuu wa skuli. Akanambia kwa Kiarabu, kila neno peke yake, "Kile kikombe ni changu."

Jamani, ningefanya nini? Nikamweka Sefu kiunoni, nikamshika yule kijana mkono, nikamwambia Zuwena amshike Khalfan na Khalfan ashike mkeka, tukaingia katika gwaride. Ndiyo. Tuliingia. Mbele yetu dele la kahawa, nyuma yetu wapiga ngoma thelathini, na miye katikati na abaya yangu, mtoto kiunoni, kapu la sambusa begani, nakimbia mwendo wa mtu asiyekimbia tangu aache skuli. Mlinzi akanikinga kwa mkono.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Mwanangu yumo kikombeni!"

Kwa ilivyoonekana, jibu hilo lilikuwa sahihi. Akaitazama kofia ya kijana, akautazama mtandio wa Zuwena, akasema, "Haya, wahini basi, mmebaki nyuma."

Tulipofika mbele ya viti vya riali tatu, watu wakaanza kupiga makofi. Walidhani sisi ni mchezo. Mtangazaji naye (hakuambiwa kitu, alikuwa anajaza tu) akasema kwenye vipaza sauti, "Na huyu ni mama wa nyumba, analifuata dele lake la kahawa!" Uwanja mzima ukacheka, simu zikanyanyuliwa, mzee mmoja akasimama kunishangilia. Basi nikapunga mkono. Hapo ndipo wifi yangu anaposema nimemtia aibu zaidi ya pote, pale nilipopunga mkono, lakini nawauliza, mtu anapigiwa makofi na watu wote wale, akunje uso? Nikapunga, na Sefu akapunga.

Mwisho wa njia dele likasimama. Yule bibi wa vidude vya masikioni alikuwepo, na mama wa kijana alikuwepo, keshalia mpaka wanja umefika shavuni. Alimnyakua mwanawe mikononi mwangu.

"Mwizi wa watoto! Shikeni huyu! Mwizi wa watoto!"

Walinzi wanne wakatuzunguka. Wanne, kwa mwanamke mmoja na mkeka.

"Mwizi ni miye?" nikasema, kwa Kiarabu changu cha sokoni, ambacho hakina haya. "Miye wa kwako nimemlisha na nimemziba masikio. Wangu miye mmemtia kikombeni, mkamzungusha mji mzima, hamkumuuliza hata jina. Nani mwizi hapa?"

Mlinzi mmoja akaangua kicheko, na yule bibi msimamizi akakaa chini juu ya ngoma, uso mkononi. Ikabidi niwashike nguo wote wawili, bibi na mama wa kijana, nikawaonesha kofia, nikawasimulia. Mama wa kijana hakucheka. Na haki yake. Ndiyo maana ya halwa.

Hilali akashushwa. Nikapiga magoti nikamkagua kama napokea mzigo bandarini: masikio, mikono, macho. Kulia hakulia. Akaniuliza, "Shangazi, umeniona?"

"Nimekuona. Fataki je? Hukuogopa?"

"Ukiwa juu unaziona kabla hazijalia," akasema. Na akaendelea kusema, njia nzima, kutoka bustanini mpaka Sib, mtoto ambaye hunijibu kwa kutikisa kichwa, alieleza kila kikombe kilikuwa na nani na dele limetengenezwa kwa mbao gani, mpaka Khalfan akamwomba anyamaze.

Video ilifika kwa wifi yangu kabla yetu. Asubuhi alikuja mwenyewe kuwachukua, hakungoja sala. Akasimama mlangoni.

"Nilisema hata dakika tano."

"Hakupotea, Muna. Muda wote nilijua yuko wapi, yuko kikombeni."

"Na kabla hujaambiwa na Zuwena?"

Nikainama kumvisha Sefu viatu. Akasema basi, Alkhamisi hakuna, mpaka niandike katika kundi la familia, lile lile lililorushiwa video, kuwa nimekosa na naomba radhi, mbele ya watu arubaini na sita (nimewahesabu). Nikamwambia siandiki. Mtoto ameacha kukimbilia chini ya meza, nami niombe radhi? Akasema, "Hayo mengine, wifi. Miye nazungumza kuhusu roho yangu ilivyokuwa juu usiku ule." Akaondoka nao.

Nilirudi kwa muuza kofia kudai riali zangu sita. Akanambia kofia zilikuwa mabaki ya oda ya kikundi cha ngoma. Nikamwambia mbona hukusema? Akanambia, "Mama, ulikuwa unauliza bei tu." Hakunirudishia hata baisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimetoka dukani bila ya kupunguziwa kitu.

Tokea hapo nimejiapiza: sitohesabu tena kofia, nitahesabu nyuso, na nitaziita kwa majina. Hilo nimelikubali peke yangu, bila ya kulazimishwa. Lakini kuandika nimekosa mbele ya watu arubaini na sita, nusu yao wakiwa wameigeuza picha yangu ya kupunga mkono kuwa salamu ya Ijumaa, hilo halitoki. Nimeshaandika na kufuta mara nne. Kila nikiandika najikuta nagombana, na kila nikifuta naisikia ile sauti ya Muna pale mlangoni, na nnajua hakuwa akisema uongo.

Basi nyie mnaojua maneno, nishaurini: mtu humwandikiaje mama wa mtoto kwamba roho yake naijua, bila ya kutia neno nimekosa? Na kama hapana njia ila kulitia, niambieni pia, nilitie wapi lisionekane sana. Leo Jumatano. Jibu nalitaka kabla ya kesho saa kumi.