Wosia wa Ng'ombe Saba

Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nilipomaliza kuandika wosia wangu mwenyewe, kurasa mbili nzima, nilijiona hakimu. Mke wangu alikuwa nje anachambua maharage. Nikamsomea kwa sauti ya kanisani. Ng'ombe wote saba niliwagawa mmoja mmoja, kwa rangi na kwa mama zao: yule mwekundu mwenye baka jeupe, mtoto wa yule aliyevunjika pembe, aende kwa binti yetu mkubwa.

"Baba watoto, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na nyumba?"

Nikageuza karatasi nyuma na mbele. Nyumba haikuwepo. Sisi wafugaji ukitutajia mali, akili inakimbilia zizini.

"Nyumba si ni yako? Kila mtu anajua."

"Kaka zako wanajua? Hati ina jina lako peke yako. Ukifa watakuja na rambirambi mkono mmoja, futikamba ya kupimia nyumba mkono mwingine."

Nilicheka, yeye hakucheka. Matofali ya ile nyumba tulifyatua wote wawili, na maji ya kufyatulia alibeba yeye kutoka bondeni.

"Basi nakuandika kwenye wosia sasa hivi."

"Andika, lakini mimi sitaki kusubiri ufe. Niweke na kwenye hati ukiwa mzima."

Jumatatu tukaenda ofisi ya ardhi Karatu, tumevaa nguo za Jumapili. Karani akauliza aanze na jina la nani. Nikakohoa kidogo nijiandae kujibu. Mke wangu alishaanza kumtajia lake, herufi kwa herufi.