Siku Tuliyompeleka Mama Sofia Kalambo

Nilianza kazi Sumbawanga asubuhi moja ya baridi, nimevaa koti la kaka yangu lililonipwaya mabegani. Nilitoka Rungwe kwa basi, kupitia Tunduma na Laela, nikidhani baridi naijua kwa kuwa nimezaliwa milimani. Baridi ya Ufipa ni nyingine. Inakuja na upepo, na upepo wenyewe hauna wa kuuzuia, maana nyanda ziko wazi na miti ni michache. Nilimkuta Bwana Maliasili wa Mkoa amesimama nje ya ofisi akiota jua, mikono ameificha makwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Ambakisye? Unaogopa genge la maporomoko?"

Nikajibu kwa sauti ya kijana anayetafuta kazi kwamba mimi siogopi kitu.

"Basi hunifai," akasema. "Asiyeogopa nilikuwa naye. Tulimzika mwaka jana."

Nikamwambia, "Mzee, kusema kweli naogopa sana." Akacheka, akaniambia niingie ndani nipate chai.

Vijana wa leo mnaponiuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nawaambia nilikuwa mwongoza wageni, nanyi mnadhani nilikuwa na kampuni na tovuti. Hapana. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na gari nililoendesha lilikuwa la umma, Landrova moja ya kijani. Kazi zake kuu zilikuwa misitu na doria. Lakini ilikubalika kwamba mtu akitaka kwenda kuyaona maporomoko ya Kalambo kwa siku moja, yeye na watu wake tu, alete ombi, anunue mafuta mwenyewe, apewe gari na mtu wa kumwongoza. Tuliiita safari ya binafsi. Walikuja madaktari, walimu, wakaguzi kutoka Dar es Salaam, mapadre waliokuwa wakiaga kurudi kwao. Wengi hawakurudi mara ya pili, kwa sababu ya barabara.

Kalambo ni mto mwembamba ambao ndio mpaka wetu na Zambia. Unatembea taratibu juu ya uwanda kama mito mingine, halafu ardhi inakatika ghafla. Maji yote yanaanguka kwa mkupuo mmoja hadi chini kabisa bondeni, kisha yanaendelea kuelekea Ziwa Tanganyika. Wakati ule hapakuwa na ngazi wala uzio. Palikuwa na jabali, na baada ya jabali hapakuwa na kitu.

Aliyenifundisha alikuwa Dereva Mkuu, mzee wa Kifipa mwenye maneno machache. Alinifundisha kwanza gari: kukaza springi, kuwasha kwa hendeli betri ikilala, kufunga minyororo kwenye matairi tope likizidi, na kubeba mbao mbili za kutandika kwenye madimbwi. Halafu akanifundisha mahali penyewe. Ukifika, unaanza na kijiji. Unamsalimu mwenyekiti na kuwaeleza mgambo ni wageni gani uliowaleta, maana mpakani kila mgeni mwenye kamera alidhaniwa mpelelezi. Kisha unafunga kamba ya katani kwenye mti, ncha ya pili unamfunga mgeni kiunoni kwa fundo lisilojikaza likivutwa. Anayetaka kuchungulia chini analala kifudifudi na kujivuta kwa viwiko. Hakuna kusimama, awe waziri, awe askofu. Kiangazi maji yanapungua, na korongo wanataga kwenye kuta za genge; hapo ni raha. Masika jabali linaota majani membamba ya kijani kama manyoya, yanateleza kuliko sabuni.

Baadaye nilihamishiwa Matai kulinda msitu. Huko ndiko nilikojifunza Kifipa na Kilungu, kwa mama mwenye nyumba aliyekataa kabisa kunijibu kwa Kiswahili, na huko ndiko nilikooa. Niliporudishwa Sumbawanga, Dereva Mkuu alikuwa amestaafu, usukani nikapewa mimi. Bwana Maliasili naye alikuwa mwingine, kijana aliyetoka chuoni, mkali wa utaratibu. Maneno aliyoyapenda ni haya: "Ndugu, gari la umma si gari la harusi."

Huyo ndiye aliyeniita ofisini masika moja, baada tu ya Pasaka. Mbele yake alikaa Deo, karani wa ofisi za mkoa, ambaye nilimfahamu kwa kusalimiana tu.

"Ndugu Deo anataka safari ya Kalambo Jumamosi, yeye na mama yake," akasema Bwana Maliasili. "Nimemwambia asubiri kiangazi. Maji sasa ni mengi mno."

"Kiangazi mjomba wangu hatakuwepo," Deo akajibu. "Anaumwa."

Akatueleza. Mama yake, Mama Sofia, alikaa naye Katandala, hapohapo mjini. Alikuwa na mdogo wake wa kiume aitwaye Zakaria, aliyekwenda kwenye migodi ya shaba tangu ujana na kuishia kuoa na kukaa ng'ambo ya Kalambo. Hawakuwa wameonana tangu Deo akiwa mtoto mchanga. Sasa mchuuzi wa samaki amekuja na ujumbe: Zakaria ni mgonjwa wa kifua, hawezi safari ya kuzunguka hadi kwenye kituo cha mpaka, na mto umejaa, hauvukiki. Lakini Jumamosi atajikongoja hadi juu ya maporomoko upande wake. Kama dada yake anaweza kufika upande wetu, wataonana kwa macho.

Bwana Maliasili alizungusha kalamu. Nilidhani atasema lile neno lake la harusi. Akaniuliza, "Utaweza?"

"Barabara nitaiweza," nikasema. "Hayo mengine tutayaona huko."

Tukaondoka alfajiri. Mama Sofia alikuwa mwembamba, amejifunga kanga mbili na blanketi juu yake, na mapajani ameshika kikapu cha maharage ya kuchemsha ambacho hakuniruhusu kukiweka nyuma. Tulikwama kabla ya Matai. Deo alishuka kutandika mbao, mimi na mama tukabaki ndani ya gari.

"Mwanangu, wewe Mnyakyusa?" akaniuliza kwa Kifipa.

"Ndiyo, mama."

"Kwenu, dada akimwambia mdogo wake neno baya, analiondoaje?"

Nikamwambia inategemea neno. Akatazama kioo cha mbele, matone yakishuka.

"Baba yetu alipofariki, Zakaria alikuwa kwenye shaba. Tulimpelekea habari, hakuja. Alikuja baadaye sana, na viatu vipya. Nilisimama mlangoni nikamwambia: hukumzika baba, na mimi hutanizika. Akageuka palepale, na viatu vyake. Neno hilo limenikaa hapa." Akagusa koo.

Kijijini mgambo alitusimamisha. Aliposikia tunakwenda kuonana na mtu wa upande wa pili, akataka kibali cha kuvuka. Mwenyekiti, mzee mwenye kofia ya sufu, akatoka nyumbani kwake akitafuna muhogo. Alisikiliza, akamwambia mgambo, "Kuonana si kuvuka. Waache waende." Kisha akaniuliza pembeni kama kamba yangu ni nzima.

Ngurumo ya maji tuliisikia kabla hatujashuka garini. Masika yale mto ulikuwa mwekundu kwa udongo, na ukungu wa maji ulipanda juu ukatulowesha kama mvua. Nilimfunga Mama Sofia kamba, nikamshika mkono, tukasogea hadi pale nilipoona panatosha. Ng'ambo, juu ya jabali la Zambia, alikuwa amesimama mzee aliyeegemea fimbo, na kando yake mwanamke mwenye mwavuli.

"Ndiye," mama akasema, mdomo sikioni mwangu. "Anasimama kama baba."

Akaita. Aliita kwa nguvu zake zote, na mimi niliyemshika mkono sikumsikia. Niliona mdomo tu. Yule mzee naye alifungua mdomo, tukaona, hatukusikia kitu. Mama akaita tena. Akaanza kunivuta kuelekea ukingoni, akidhani hatua chache zingesaidia. Na Zakaria, alipomwona dada yake anasogea, akaacha jabali akaingiza mguu majini.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Maji pale yalimfika gotini, lakini yalikuwa yanakimbilia genge, na chini yake ni yale majani ya kijani. Mkewe alimshika koti; yeye akalivua, likabaki mkononi mwa mkewe. Niliinua mikono yote miwili kumzuia, naye hakunitazama. Alimtazama dada yake tu. Nikajua kwamba mradi dada yuko pale, yeye atakuja.

Nilimbeba Mama Sofia. Nilimnyanyua kama gunia, nikapita kwenye mti nikaifungua kamba, nikayapa maporomoko mgongo, nikaanza kutembea kuelekea mto unakotoka. Alinipiga mgongoni kwa ngumi. Deo akanikimbilia, akanishika shati, akapaza sauti sikioni mwangu.

"Unamwondoa mama yangu kwa nini? Tumekuja kwa ajili gani?"

"Mtazame mjomba wako!" nikamjibu. "Anatufuata?"

Deo akageuka. Halafu akaniachia shati. "Ametoka majini," akaniambia sikioni. "Anafuata kandokando."

Nilijua, kwa miaka yangu ya Matai, kwamba mbele kidogo mto unapinda na kutanuka, maji yanatulia kama bwawa, na wanawake wa pande zote mbili huchota maji wakisalimiana. Tulitembea kwa shida kwenye majani marefu. Kila tulipokwenda ngurumo ilibaki nyuma, hadi nikaanza kusikia pumzi yangu, kisha kilio cha Mama Sofia, kisha ndege. Nikamshusha. Hakunitazama. Ng'ambo, mzee alitokeza kati ya matete, akakaa chini kwa kuishiwa nguvu, mkewe akamrudishia koti mabegani.

"Zakaria!" mama akaita.

"Dada."

Sauti ilikuja juu ya maji, dhaifu, lakini kila herufi tuliisikia.

"Lile neno nimekuja kuliondoa."

Zakaria akakohoa. Kisha akauliza, "Neno gani?"

Mama Sofia akasimama wima, mikono kiunoni. "Usijifanye umesahau! Nimepigwa matope tangu alfajiri, nimebebwa kama kuni, halafu unaniuliza neno gani?"

Tukamsikia mzee akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. "Nalikumbuka kila siku, dada. Ulilitamka wewe. Nataka niisikie sauti ileile ikiliondoa."

Basi akalitamka. Alilisema lote, kama alivyolisema mlangoni miaka ile, kisha akasema, "Nimelifuta. Wewe utanizika." Akainama, akachota maji kwa kiganja, akayatia mdomoni na kuyapuliza kuelekea ng'ambo. Zakaria naye akajivuta hadi majini, akafanya vivyo hivyo. Hata kwetu Rungwe tunajua kwamba ndivyo neno baya linavyoondolewa. Deo akavua kofia. Mimi nikaiangalia kamba iliyoburuta nyuma ya mama, nikaanza kuikunja ili nipate la kufanya.

Walikaa pale mchana wote wakizungumza, kila mmoja ukingoni kwake: nani amekufa, nani ameoa, mahindi yamefanyaje. Maharage ya kikapuni tukala sisi, maana hayangevuka. Mama alimwonyesha Zakaria kila kijiko kabla ya kula. Tulipokuwa tunarudi alilala begani kwa mwanawe, na tulipofika Katandala aliniambia neno moja tu: "Mgongo wako ni mgumu."

Jumatatu Bwana Maliasili aliniuliza safari ilikuwaje. Nilimweleza yote, pamoja na kumbeba mgeni kinyume cha ridhaa yake. Akasema, "Hilo halimo kwenye utaratibu." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Ukipata mwingine wa namna hiyo, mbebe."

Zakaria hakufa mwaka ule. Alipona kifua, na kiangazi mto ulipopungua alivuka kwa miguu penye mawe, akakaa Katandala hadi wakati wa kupanda. Mama Sofia alitangulia yeye, miaka kadhaa baadaye, tena masika. Habari ilimfikia mdogo wake kwa kuchelewa. Alizunguka kwa barabara, akaletwa kwa baiskeli na malori, na alipofika makaburini udongo ulikuwa umeshasawazishwa na watu wanaondoka. Alichukua jembe, akaanza kushindilia udongo uliokwisha kushindiliwa, upande huu na upande huu, taratibu. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha. Tulirudi, tukasimama hadi aliporidhika.

Mimi nilistaafu nikiwa nimepitia wakubwa wengi, na nyumba nimejenga hapahapa Sumbawanga, mtaa wa Majengo. Rungwe nakwenda kwa misiba. Wajukuu wananiambia siku hizi Kalambo kuna ngazi hadi chini, watu wanapiga picha na kurudi mchana uleule. Nafurahi. Kazi niliyoifanya ilikuwa ya mikono na kamba kwa sababu hapakuwa na kingine, si kwa sababu ilikuwa bora.

Juzijuzi binti yangu alinipeleka. Kijana mwongoza wageni aliniamkia, akanishika mkono bila kuniuliza, akanikalisha kwenye benchi mahali salama. Sikumwambia mimi ni nani. Nikakaa, nikainua macho. Maji yalikuwa yanaanguka marefu, meupe, yakipasuka hewani kabla ya kufika chini. Miaka yote ile nilikuwa nikitazama miguu ya wageni, na mikono yao, na uso wa mtu aliyesogea kupita kiasi. Nikamwambia binti yangu asiharakishe, kwa kuwa mimi maporomoko haya ndiyo kwanza nayaona.