Sumu ya Wenye Glovu

Siagi ya ng'ombe iliyochacha, ukiichanganya na majani ya kuponda, inanuka kama soksi za jeshi zima. Nilipokuwa na miaka tisa, nyumba yetu hapa Rwezamenyo ilinuka hivyo asubuhi mpaka jioni. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa anatoka Batsinda na kopo lake kuja kumpaka baba mgongo mzima, maana baba alikuwa ametoka mabaka mekundu, mabaka yakawa manundu, manundu yakapasuka. Shangazi hakuhitaji daktari. Alitazama mara moja akasema amerogwa, tena kwa chai. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza kinywaji ndipo anakupa, ujue hakina sumu. Baba, fundi cherehani wa haraka haraka, eti alikunywa kwa mteja bila kungoja. Kesi imekwisha. Majirani, mabingwa wote hao ambao hata kuku wao walikuwa wanawafia, wakakubali, halafu wakaacha kuleta nguo zao wasije wakavaa ugonjwa.

Siagi iliposhindwa baba akaenda hospitali, wakamkata kipande cha ngozi, wakasema ni kansa, inaitwa limfoma: askari wa mwili wameasi, wamepiga kambi kwenye ngozi, na hawa wa baba wana hasira na mbio. Inatakiwa dripu ya kemo, upesi. Siku ya kwanza ya dripu nilikwenda na baba na Shangazi kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Muuguzi akaja na gauni, glovu juu ya glovu, amebeba mfuko wa dawa kama mtu aliyeshika nyoka. Shangazi akamdaka baba mkono.

"Unaona? Mwenyewe anaogopa kuigusa. Hii iko sumu. Simama twende."

Baba akaanza kuinuka kweli. Nikaona tunarudi kwenye kopo, na mgongo wake hauna tena mahali pazima pa kupaka. Nikamwambia muuguzi, basi aonje kwanza, kama watu wenye adabu.

Hakucheka. "Haionjwi, mtoto wangu. Ni sumu kweli, ndiyo maana navaa hizi. Itaua huo ugonjwa, na baba yako pia itamtesa. Sikudanganyi."

Baba akakaa. "Dada, wewe ulinipaka sumu ukaiita dawa. Huyu ameitaja kwa jina lake. Mkono wangu huu hapa."

Nywele zikaondoka, kucha zikawa nyeusi, akatapika mpaka nikamwambia atabakiza viatu tu. Lakini manundu yakanywea. Mpaka leo anaitwa kupimwa, maana ugonjwa ule hauaminiki, ila cherehani yake inalia sasa hivi ninapoandika.

Majirani nao wamerudi na suruali zao, hawana hata haya. Shangazi kila harusi anahadithia kwamba siagi ndiyo iliyoponya, dripu ilichelewesha tu. Akija kwetu namkalisha kiti kizuri, namimina chai, namsogezea kikombe. Siionji. Nakaa mbele yake natabasamu, mpaka ipoe.